Kitabu Kilichokwenda Kyarumba

Vitabu vyote vya maktaba hii nimevisoma mimi. Elfu moja mia mbili na ushee, kuanzia rafu ya mlangoni mpaka ile ya dirishani inayovujiwa na mvua. Walimu wakubwa wanaokuja na mikoba ya ngozi hawajafikia nusu yangu. Haya, nimesoma migongo yake, kitambaa cha vumbi mkononi. Ndani sijaingia, shule yangu iliishia darasa la sita, nikaolewa. Lakini mgongo wa kitabu nikishausoma siusahau, na hapo ndipo nilipojitia kwenye mambo ya Kule na Emérance, mambo ambayo mpaka leo nikisikia mvua inaanza mlimani sijui niweke wapi mikono.

Kazi yangu ni kufagia, kuchemsha chai na kukaa mlangoni na daftari la wageni. Maktaba yenyewe ni chumba kimoja kirefu hapa Kasese mjini, nyuma ya kituo cha masomo ya masafa. Wanafunzi wetu wanasoma wakiwa kwao: Bwera, Munkunyu, Bwesumbu, huko juu Kyarumba. Mchana wanafundisha watoto wa watu au wanachuma kahawa, jioni wanafungua daftari. Wakitaka kitu wanatuma ujumbe kwa simu, kurasa fulani za kitabu fulani, na Kule anazipiga picha anawatumia. Kitabu chenyewe kikihitajika kinaingia kwenye mfuko, na kila Jumanne Kule anaubeba mfuko mpaka Bwera, ukumbi wa parokia, anawagawia wa mpakani.

Kule ni mkutubi msaidizi. Jina linakuambia ni mtoto wa kiume wa nne. Kwa Bakonzo, watu wa milima hii, huna haja ya kuuliza. Mimi nimezaa watano wa kiume, na mtoto wa nne, wa nyumba yoyote, namjua alivyo: alizaliwa akakuta wakubwa wake wamezunguka sahani, akajifunza kuishika kwa mikono miwili na kutoiachia.

Wanafunzi mia mbili anawajua kwa namba zao, kwa mada za utafiti wao, kwa makosa ya ujumbe wao. Kwa sura hawajui. Hawaji, na walio Bwera wengi hutuma ndugu. Mmoja tu alimjua kwa sura, na sura hiyo ilikuwa imemmaliza.

Emérance alikuwa na miaka ishirini na sita, mtu wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, anaishi Bwera kwa shangazi yake Anastasie, muuza vitenge soko la Mpondwe. Alifundisha darasa la kwanza, na utafiti wake ulihusu watoto wanaoanza shule kwa Kifaransa wakajikuta wanaendelea kwa Kiingereza. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyezoea kunyamazisha watoto bila kelele. Kule akirudi Bwera kila Jumanne jioni alikuwa ananihesabia: leo alivaa nini, leo alicheka mara ngapi, leo aliposaini kadi kidole chake kiligusa changu akakiacha hapo kidogo. Kidogo kiasi gani, nikamuuliza. Akafikiri sana. Kama mtu anayesoma kichwa cha habari, akasema.

Lakini neno lenyewe hakulisema. Miaka mitatu ya Jumanne.

Sasa kuna kitabu cha mbinu za utafiti, mgongo wa kijani, nakala moja tu. Mwezi uliopita Emérance alikiomba, Kule akamjibu hakijarudi, na ilikuwa kweli. Kilikuwa na mtu wa Bwesumbu. Kikarudi Ijumaa. Jumanne Kule akaenda Bwera bila kitabu. "Bado," akamwambia, akapata Jumanne nyingine, kwa sababu akishampa hicho amemaliza utafiti, na akimaliza utafiti atamfuata ukumbini kwa kitu gani tena? Mimi nilikikuta kwenye kabati langu, nyuma ya kopo la majani ya chai. Nikasoma mgongo. Nikamtazama.

"Jajja, wiki moja tu," akaniambia. Jajja ni bibi, ndivyo vijana wa hapa wanavyoniita.

Nami, mzee mzima mwenye moyo wa msichana, nikakifunika na kitambaa cha vyombo. Wiki moja ikawa tatu.

Emérance akaja Kasese mwenyewe, siku ya Jumatano, bila kutuma habari. Siku hiyo mlima ulikuwa umefichwa tangu alfajiri. Si ukungu wa kawaida. Lilikuwa wingu jeusi limekaa juu yake kama kuku anayeatamia, na chini yake mji mkavu, vumbi halitikisiki. Hata mbuzi wa jirani walikuwa wamejibana ukutani, nikajua hii itanyesha vibaya.

Aliingia akasimama mbele ya meza ya Kule. Hakukaa.

"Ile kitabu imerudia?"

Kule alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. "Emérance. Leo ni Jumatano."

"Siku najua. Nimeuliza kitabu."

"Bado."

Alilisema akiwa ameinama, anainua kiti. Mimi nilikuwa kwenye kona yangu ya chai, kabati liko nyuma yangu, nikalihisi mgongoni kama jiko.

"Ijumaa saa kumi na moja njo mwisho," Emérance akasema. "Mwalimu Byamukama amekataa sura yangu ya tatu. Anasema bila ile kitabu hatatia sahihi. Nimetafuta ku simu, haiko. Nimeuliza watu ya Bwera, hakuna. Kule, mimi sijawahi kukuambia mambo ya nyumba yetu. Leo nakuambia."

"Niambie."

"Achille anakuja Jumamosi."

Achille tulimjua kwa jina. Mtu wa Butembo, mwenye malori. Siku walipokimbia vita huko kwao, yeye ndiye aliyewaficha Emérance na shangazi yake katikati ya magunia akawavusha mpaka Bwera wakiwa hai. Siku ile hakuomba kitu. Alikuja kuomba baadaye, kwa heshima, akiwa amevaa suti.

"Tantine Anastasie alisema, ukimaliza masomo mwaka hii, utajichagulia mwenyewe, sitakusukuma. Usipomaliza, unavuka mupaka na Achille. Mimi nilikubali, ju nilijua nitamaliza." Alishika ukingo wa meza. "Si mutu mubaya. Ni muzuri sana. Njo mana nikivuka sitapata sababu ya kurudi."

Kule akawa rangi ya majivu. Hili hakulijua, wala mimi. Tulidhani tunacheza na Jumanne, kumbe tulikuwa tunacheza na maisha ya mtu.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Kutoka meza yake mpaka kabati langu ni hatua saba. Nimezifagia miaka tisa. Sema, mwanangu, nikamwambia kwa macho. Sema ilianza kama mchezo, sema ulipenda, sema wewe ni mpumbavu, wanawake tumeshasamehe makubwa kuliko hayo.

"Iko na nani?" Emérance akauliza. "Unipe tu jina. Nitaenda mimi, nitapiga magoti."

Macho ya Kule yakashuka mezani. Juu ya karatasi zake kulikuwa na ombi lililoingia usiku wa jana kwa simu, ameliandika kwa mkono wake, jina na mahali.

"Gorret," akasema. "Mwanafunzi wa Kyarumba."

"Niko naenda sasa hivi."

"Hapana. Angalia mlima. Huko kwake pikipiki inaishia njiani, kunabaki njia ya miguu, ya kuteleza, watu wanashusha kahawa kwa kichwa."

"Nimepita njia mubaya kuliko hiyo."

"Mimi nitaenda," Kule akasema.

Emérance akamtazama. Mimi nimetazamwa na wanaume wawili na kuzika wote, na hakuna aliyewahi kunitazama hivyo. Alimtazama kama mtu aliyebeba ndoo kutoka mbali akaona mkono umenyooshwa kumtua. Akashika ukosi wa shati la Kule, akaunyoosha, na haukuwa umepinda.

"Ju ya nini unafanya hivi?"

"Wewe unajua."

"Sijui. Nangojaka mutu aniambie. Miaka tatu nangoja."

Kule akafunga macho. "Nikirudi nitakuambia."

Emérance akatoka mlangoni kuutazama mlima. Kule akaja kwenye kona yangu, akafungua kabati, akatoa kitabu akakitia ndani ya koti.

"Jajja, nipe ufunguo wa kwako."

"Kwangu ndiyo Kyarumba siku hizi?"

"Jajja."

"Mpe sasa hivi. Mwambie kilianguka nyuma ya rafu."

"Nyuma ya rafu alitafuta mwenyewe, siku ile alikuja kumwona Byamukama. Alilala chini na tochi." Akafunga vifungo vya koti. "Mimi ndiye nilimshikia tochi."

"Basi mwambie ukweli."

"Nikimwambia, ataniangalia tena vile ameniangalia sasa?"

Nikampa ufunguo. Nyumba yangu iko nyuma ya reli ya zamani, mwendo wa dakika kumi. "Maharagwe yangu usiyaguse. Saa nane uwe hapa."

"Kyarumba kwenda na kurudi siyo mchezo. Nitarudi saa kumi. Simu nitazima, huko hakuna mtandao."

Alikuwa ameshapiga hesabu zote. Hapo nikaogopa, maana mtoto anayedanganya kwa hofu huwa hana hesabu.

Akatoka. Emérance akamsindikiza kwa macho mpaka kona ya ukuta, akakaa kwenye kiti cha Kule, akaanza kupanga penseli za mezani kwa urefu.

"Koko," akaniita, ndivyo Wakongo wanavyoita bibi, "huyu mutu ananipenda?"

"Wewe unaonaje?"

"Siku ya kwanza pale Bwera aliniuliza naandikaka jina yangu namna gani, na ile alama juu ya herufi. Hakuna mutu huku aliyeniuliza. Tangu siku ile anaiweka, hata ku kadi ya kitabu." Alitabasamu akiitazama meza. "Ni kitu kidogo."

"Si kidogo," nikasema, na hilo lilikuwa neno langu la mwisho la kweli siku ile.

Mvua haikuanza mjini. Ilianza juu. Kwanza tuliisikia, kama malori yanateremka kwa mbali bila kufika. Saa saba umeme ukakatika. Nikiwa mlangoni nautazama mlima, mwanamke akaja anakimbia uani, mdogo wa umbo, nywele fupi, buti za mpira zimejaa tope mpaka juu.

"Mkutubi yuko?"

"Ametoka. Andika jina."

"Nitangoja. Kurasa ananitumia hazifunguki kwa simu yangu, na Ijumaa ndiyo mwisho. Nimetoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi, kabla njia haijaharibika. Miaka mitatu nasoma hapa, leo ndiyo mara ya kwanza kuona mlango wenu."

Aliinama akaandika, nami nikasoma kichwa chini miguu juu, ninavyosoma daima. Gorret. Kyarumba.

Daftari nililifunga kabla wino haujakauka.

"Kaa kule mwisho, mwalimu, dirishani," nikamwambia. "Kuna hewa."

"Kunavuja."

"Hewa haiji bure."

Akaenda akakaa mbali, akafungua karatasi zake. Emérance akainua kichwa. "Mugeni ametoka wapi?"

"Munkunyu," nikasema.

Nikachukua simu yangu nimwonye Kule. Yake imezimwa, bila shaka. Nikasema nitoke nimfuate. Sijavuka kizingiti, mvua ikatufikia mjini yote kwa mara moja, na pamoja nayo akaingia Hamuza, kijana wa pikipiki wa steji yetu, maji yanamchuruzika.

"Jajja, nijifiche hapa kidogo. Leo Mungu amekasirika na Kyarumba."

"Nyamaza, kunywa chai," nikasema haraka.

"Nasema kweli. Wenzangu wamepiga simu kutoka huko. Udongo imeshuka, imekata barabara. Kuna pikipiki moja ilikuwa inapanda na mtu nyuma, mtu na mfuko. Imeenda na udongo. Sasa wanachimba na majembe."

Penseli zilianguka. Emérance alikuwa amesimama.

"Mutu na mufuko. Saa ngapi?"

"Kama saa sita, dada."

Alipiga simu ya Kule. Akapiga tena. Ile sauti ya mwanamke wa mtandao anayesema mteja hapatikani, aliisikiliza mpaka mwisho kila mara, kama inaweza kubadili maneno. Mara ya tano akashuka polepole akakaa sakafuni, mgongo umeegemea meza ya Kule.

"Nimemutuma," akasema. "Ni mimi nimemutuma."

Niambie wewe unayesoma: ungefanya nini? Maneno yalikuwa mdomoni. Yuko kwangu, mwanangu, yuko mkavu, pengine anakula maharagwe yangu. Maneno manane, tisa. Lakini nikiyasema, ataniuliza kitabu kiko wapi, na tangu lini, na nani alikifunika na kitambaa. Nikajiambia saa kumi si mbali. Nikajiambia atakapomuona mlangoni furaha itafuta yote. Nikachukua ufagio. Mtu mwoga akipewa ufagio anaonekana ana kazi.

Emérance akapiga simu nyingine. Anastasie ana sauti ya sokoni, tuliisikia wote.

"Uko wapi? Achille amepiga. Atafika Jumamosi asubuhi na mama yake."

"Tantine, sitavuka."

"Umepata kitabu?"

"Sijapata. Hata nisipomaliza, sitavuka. Kuna mutu ninapenda. Ameenda ku mulima kuniletea ile kitabu, na mulima imeshuka, na sijui kama iko muzima."

Mvua juu ya mabati.

"Yule mubeba mifuko," Anastasie akasema. "Emérance, Achille alituweka mu lori yake. Alikuwa anajua wakitushika watamuua. Yule wako amefanya nini?"

"Njo nakuambia, tantine. Ameenda."

"Basi ubaki na yeye, muzima ao mufu. Mulango yangu usigonge tena. Nitamuambia nini mama ya Achille?" Na simu ikakatika, lakini kabla haijakatika nilimsikia analia, na ndilo lililoniumiza zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kumchukia.

Yule mgeni wa dirishani alikuwa amekuja. Sikumsikia, buti za mpira hazina sauti. Alichuchumaa mbele ya Emérance akamshika magoti.

"Pole, dada. Huyo mtu wako alikuwa anaenda kwa nani? Mimi watu wa huko nawajua."

"Mwalimu," nikasema, "choo kiko nyuma, kama ulikuwa unakitafuta."

Hakugeuka.

"Kwa mwanafunzi moja," Emérance akasema. "Gorret."

Mikono ya yule mwanamke ikasimama. "Gorret wa elimu? Mwaka wa tatu?"

"Unamujua?"

"Alienda kuchukua nini kwake?"

"Kitabu ya mbinu za utafiti. Iko naye mwezi muzima."

Gorret alinitazama mimi. Nilikuwa nafagia mahali palepale kwa mara ya nne. Akamrudia Emérance, akasema taratibu, kama anavyosema na mtoto darasani:

"Dada, Kyarumba Gorret anayesoma hapa ni mmoja, ni mimi. Hicho kitabu sijawahi kukiona. Mimi vitabu siombi, siwezi kuja kurudisha. Naomba kurasa tu."

Hamuza aliweka kikombe chini. Nikaona uso wa Emérance unafunguka, na kilichoingia kwanza, nakuapia, haikuwa hasira. Ilikuwa furaha. "Basi haiko mu mulima," akanong'ona. "Ni muzima." Akacheka kidogo, akajifuta macho. Halafu lile lingine likaja nyuma ya furaha, polepole, kama maji yanayoingia chini ya mlango, na nikaona likimfikia.

"Koko," akasema. "Huyu dada uliniambia ametoka Munkunyu."

"Alipitia Munkunyu," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Hata mimi.

"Kule iko wapi?"

Niliweka ufagio. "Kwangu."

"Na kitabu?"

"Anacho."

"Tangu lini?"

Nikamwonyesha vidole vitatu. "Wiki," nikasema. "Kilikuwa kabatini. Mimi nilikifunika." Kisha nikaongeza, kwa kuwa kinywa cha mzee hakijui kufunga, "Alitaka Jumanne, mwanangu. Hakutaka kukuumiza. Alitaka Jumanne tu."

Nikaelekea mlangoni, nimkimbilie, mvua isinizuie.

"Koko," Emérance akasema, na ile sauti ya chini ikanishika miguu. "Kaa."

Nikakaa. Tukakaa wanne, Emérance kwenye kiti cha Kule, Gorret karibu naye, Hamuza kwenye kizingiti, mimi na daftari langu. Hamuza alipigiwa simu mara moja, akasikiliza, akatikisa kichwa: bado wanachimba. Tukakumbuka kwamba huko juu kuna mama wa mtu mwingine amesimama kwenye tope, na mtu wake yeye hajajificha kwa mtu yeyote. Gorret alifanya ishara ya msalaba. Nilitazama saa ya ukutani ikienda, na sijawahi kuogopa mlango unaofunguka kama nilivyouogopa ule.

Saa kumi na dakika tano akaingia.

Ungedhani nimemlea mimi. Alikuwa amelowa kweli, alisimama mvuani kusudi. Suruali ilikuwa na tope mpaka magotini. Kitabu amekifunga kwenye mfuko wa plastiki, amekikumbatia kifuani. Aliona macho ya Emérance yamevimba, akasimama, na uso wake ukajaa kitu ambacho Mungu anisamehe lakini kilikuwa kizuri. Alijua ni yeye aliyeliliwa.

Nilikohoa. Nikakohoa tena. "Jajja, kunywa maji," akaniambia, bila kuniangalia.

"Umerudi," Emérance akasema.

"Nimerudi." Akaweka kitabu mezani mbele yake, akakitoa kwenye plastiki. "Ile sura unataka, nimeiweka karatasi. Leo usiku unaandika, kesho Byamukama anasoma."

Emérance akaweka kiganja juu ya kitabu. Hakukifungua. "Barabara ilikuwa namna gani?"

"Mbaya. Imekatika. Mimi nilizunguka kwa shamba za watu."

"Na Gorret alikupokea muzuri?"

"Vizuri." Alivuta kiti, akaanza kupata nguvu. "Ni mama mtu mzima, mnene hivi, anatembea pole pole. Alinikaribisha, akanipa chai. Alikuwa anaona haya kwa kukaa na kitabu. Alisema nikuombe msamaha."

"Alitaja jina yangu?"

"Alilitaja."

Hamuza aligeuka akautazama ukuta. Gorret hakusogea, alimtazama Kule kwa makini, kama anavyomtazama mtoto anayekariri hesabu isiyo yake.

"Kule," Emérance akasema, "nimeongea na tantine. Nilisikia mulima imeshuka. Nikamuambia sitamutaka Achille, kuna mutu ninapenda iko mu mulima ju yangu. Amenifukuza. Sina nyumba ya kurudi leo."

Kule alishuka pale pale, goti moja sakafuni, tope lake likachafua sakafu yangu, akamshika mkono. "Nilikuambia nikirudi nitasema. Nasema sasa. Nakupenda, Emérance. Tangu ile alama juu ya jina lako. Hiyo mlima ningepanda mara kumi."

Emérance hakuuondoa mkono. Nadhani alitaka uwepo pale kidogo tu, kama mtu anayesoma kichwa cha habari. Machozi yalikuwa yanashuka na uso haukubadilika.

"Mimi pia," akasema. "Sasa uniambie kitu moja, mbele ya huyu dada, awe shahidi. Hii kitabu, ni nani amekupa mu mukono?"

Kule akamtazama mgeni, akamtolea tabasamu la adabu analowatolea wasomaji wote asiowajua.

"Gorret," akasema. "Kwa mkono wake mwenyewe. Nisifike kwetu kama nadanganya."

Gorret alifungua mkoba. Akatoa kitambulisho cha mwanafunzi, akakiweka mezani, kikitazama upande wa Kule, vile kila mwanafunzi anavyotakiwa kukiweka anapokuja kuomba kitu. Na Kule, kwa mazoea ya miaka, akakichukua, akaanza kusoma namba kwanza, midomo inasogea, tarakimu moja baada ya nyingine. Namba hiyo aliijua kwa kichwa. Hakufika mwisho wake.

"Habari za Kyarumba, mkutubi," Gorret akamwambia. "Chai yangu ilikuwa na sukari?"